Uzoefu wangu: Kukodi Cessna 172 kwenda Pemba, siku ya miaka 120 ya kuruka

Kila Disemba ikikaribia, watu wanaojua kuwa nina leseni ya rubani binafsi huniuliza suali lile lile: ile ndege mliyokwenda nayo Pemba mliipataje, na ilistahili zile pesa? Ilistahili, lakini kwa mtu anayetaka kuruka. Kama unachotaka ni kufika Pemba tu, kata tiketi ya Caravan, zile ndege ndogo za abiria, au panda boti. Utafika kwa bei nafuu na shati lako litabaki kavu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tarehe 17 Disemba 2023. Tarehe kama hiyo mwaka 1903, Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili wenye duka la baiskeli mjini Dayton, Marekani, waliruka kwa mara ya kwanza na chombo chao cha injini kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, karibu na Kitty Hawk. Kwa hiyo ilikuwa inatimia miaka 120. Marubani wa ndege ndogo wana mazoea yao siku hiyo: hotuba wanawaachia wengine, wao wanatafuta ndege wanaruka. Sisi tulikuwa wanne, wawili wa Unguja na wawili wa bara, na miaka 120 kuangukia Jumapili tuliona si jambo la kuachia. Tukakodi ndege mbili, marubani wawili kila moja. Yetu nikampakia na shemeji yangu, ambaye ndege alizozijua ni zile za kwenda Umra tu.

Nianze na malipo, maana ndiyo watu wanayouliza. Ndege hizi hukodishwa kwa saa ya injini, na bei ile mafuta yamo ndani. Kuna mita mbele yako inaanza kuhesabu injini ikiwaka tu, haijali kama uko angani au umesimama foleni. Ada ya kutua na ya kuegesha ni juu yako. Sasa Disemba Unguja unaijua ilivyo, midege ya watalii inashuka mmoja baada ya mwengine. Mnara wa kuongozea ndege ulitusimamisha mwanzo wa njia ya kurukia tupishe ndege kubwa itue, kisha tukasubiri tena mpaka upepo unaovurugwa na mabawa yake utulie, kwa sababu ndege ya kilo elfu moja na ushei ikiuingia huo hupinduliwa. Mita inakwenda. Mkikodi mwezi huo, wekeni pesa ya kusubiri pembeni kabisa, msije mkagombana kwenye hesabu.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172S, ile ya injini ya nguvu farasi 180. Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyengine yoyote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya hamsini, na ukikaa ndani unaelewa kwa nini. Haina makeke. Bawa liko juu ya kichwa chako, kwa hiyo chini unaona kila kitu, na ukipata joto unavuta kijibomba cha pembeni kinakupulizia upepo wa nje usoni. Ukiwa chini bado, lakini, upepo huo haupo. Tulikwenda mpaka mwanzo wa njia milango iko wazi kidogo na shemeji anajipepea na ile kadi ya maelekezo ya dharura.

Viti ni vinne, ila usidanganyike na idadi. Tanki mbili zikijaa, uzito unaobaki kwa watu na mizigo ni kama kilo 240 hivi. Hao ni watu wazima watatu na mikoba yao, basi. Tulipimwa kwa mizani mmoja mmoja, na shemeji, ambaye alikuwa amesema kilo 80, mizani ikamtoa 91. Akasema mizani mbovu. Sisi tukaandika 91.

Kazi iliyonichukua muda asubuhi ile ilikuwa kuangalia mafuta. Mtakumbuka vuli ya mwaka ule ilivyopiga, mvua haikukata mpaka Disemba, na ndege ilikuwa imelala nje usiku kucha. Chini ya mabawa na chini ya tumbo, 172S ina matundu 13 ya kutolea mafuta kidogo kidogo. Unashika kikombe cha plastiki cha kuonea ndani, unakisukuma kwenye tundu, mafuta yanashuka. Ya ndege hizi yana rangi ya buluu iliyopauka. Maji yakiwemo hukaa chini ya mafuta, meupe, na pale yanapokutana huonekana mstari. Bawa la kushoto lilinipa mstari huo, maji kama ya kijiko cha chai. Nikamwaga, nikachota tena, nikamwaga, mpaka kikombe kikatoka buluu tupu mara kadhaa mfululizo. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu kimya. Mwisho akaniuliza, "Na hayo yangelibakia humo?" Nikamwambia yangelifika kwenye injini. Hakuuliza tena.

Hilo la maji simlaumu mwenye ndege, mvua ni mvua na ndiyo maana matundu yamewekwa. Ninalomlaumu ni majaketi ya kuokolea. Tulipewa manne kwenye mfuko, nikayatoa, nikasoma vibandiko: mawili tarehe yake ya kukaguliwa ilikuwa imeshapita. Kijana aliyetukabidhi akasema, "Hakuna neno, bado mazima." Neno lipo. Baina ya Nungwi na Pemba pana maji ya kama kilomita 50. Cessna hii injini ikikuzimia ukiwa futi 5,500, itateleza kama kilomita 15 kisha ndio mwisho wake. Piga hesabu: ukiwa katikati, Unguja huifikii na Pemba huifikii. Jaketi kwenye safari hii ni kitu unachokivaa kiunoni tangu chini, na abiria unamfundisha kwamba halijazwi upepo mpaka umeshatoka nje ya ndege, la sivyo litakubana kwenye mlango. Tulikataa kuondoka. Simu zikapigwa, ikapita karibu nusu saa, yakaja mengine yenye tarehe nzima. Kwa hilo nampunguzia alama, na si kidogo.

Tukaruka kuelekea kaskazini, kaskazi ikivuma usoni, na hapa ndipo pesa yako inapoanza kurudi. Mnara ulitupeleka kushoto, juu ya bahari, ukawa mji wote uko upande wa kulia. Kwa hiyo mkienda, anayetaka picha akae upande wa kulia. Forodhani, Ngome Kongwe, na Beit el Ajaib na lile pengo lake la tangu ilipoporomoka Disemba 2020, ambalo kwa juu liliuma zaidi kuliko unapopita na miguu. Kushoto Changuu na Bawe. Halafu Maruhubi, Bububu, Mangapwani, mwambao unakwenda na wewe taratibu. Kasi yetu ilikuwa kama kilomita 200 kwa saa, na kwa siku kama ile sikutaka zaidi ya hapo. Kwenye Caravan ukigeuka kumwambia jirani "ile pale Tumbatu", imeshapita.

Dirisha la kushoto la rubani linafunguka hata mkiwa angani. Unafungua kitasa, linainuka juu, upepo wenyewe unalishikilia chini ya bawa. Shemeji alipiga kelele ya kweli kweli, kisha akapitisha simu kwangu nimpigie Tumbatu bila ya kioo. Picha ile ipo mpaka leo kwenye wasifu wake.

Wenzangu walikuwa wameshikilia jambo moja: saa 4:35 asubuhi lazima tuwe hewani, kwa sababu Orville aliondoka chini saa hiyo, ya kule. Kwa saa za huku ingekuwa saa 12:35 jioni, jua limeshatuaga, na leseni za baadhi yetu ni za mchana tu. Basi tukaikubali saa 4:35 ya Unguja. Ilitukuta tunaiacha Nungwi nyuma, maji yanageuka kutoka kijani kuwa buluu nzito. Mwenzangu akabonyeza saa yake na kuhesabu kwa sauti kwenye hedifoni, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, akanyamaza.

"Ndiyo hiyo tu?" shemeji akauliza kutoka nyuma.

Ndiyo hiyo tu. Orville alikwenda sekunde 12, mita 36 na nusu. Siku hiyo waliruka mara nne, wakipokezana, na mara ya mwisho Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260, kisha upepo ukakipindua chombo kikiwa chini na kukivunja, kisiruke tena. Injini yao ilikuwa na nguvu farasi 12, imetengenezwa na fundi wao wa dukani, Charlie Taylor. Nilimwambia shemeji kwamba sisi, na farasi wetu 180, asubuhi ile tulikimbia kama mita 300 kabla magurudumu hayajaachana na lami. Ile safari ndefu kabisa ya Wilbur ingeanza na kwisha sisi bado tuko chini. Hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, alipoelewa watu wazima wanne wametoa pesa zao kwa ajili ya nini.

Pemba kutoka juu sitoimaliza kuisifu. Misali iko pale mdomoni mwa ghuba ya Chake, miti katikati, mchanga, kisha mwamba umeizunguka kwa rangi ambazo simu haikuzipata. Hewa juu ya nchi kavu ilikuwa na matuta kwa ajili ya vilima na joto, ndege ikawa inarusharusha, na mwenye kutapika aje na mfuko wake maana kwenye ndege hatukuukuta. Kutua hakukuwa na shida. Afisa mmoja akatuuliza tumekuja kwa shughuli gani. Tukamwambia kunywa chai. Akasema chai mbona hata Unguja ipo, lakini karibuni.

Chai tukanywa, Chake, na vitumbua, wote pamoja na wale wa ndege ya pili. Hapana haja ya kueleza zaidi. Vitumbua vya Pemba vinajulikana. Mgogoro ulianza wakati wa kurudi, shemeji alipotokea na karafuu kidogo, sawa, na madoriani mawili makubwa kwenye kikapu, si sawa. Uzito tulikuwa nao, kwa sababu tulikuwa tumeshachoma mafuta kwenda. Tatizo ni kwamba chumba cha Cessna ni kidogo na doriani si tunda la kufungiwa na watu watatu. Mwenzangu, ambaye ndiye aliyekuwa akirusha kurudi, alisema yeye kama nahodha anayo haki ya kukataa mzigo hatari. Madoriani yakabaki na dereva wa gari, aliyeyapokea bila ya kuhuzunika.

Tulirudi kwa upande wa mashariki: Mnemba, Matemwe, ghuba ya Chwaka, mpaka Paje. Bamvua ilishapita, bahari haikuwa imekwenda mbali, lakini mashamba ya mwani yalionekana, vijipande vya mraba chini ya maji vimepangwa na kina mama vizuri kuliko viwanja vya mjini. Kama una pesa ya njia moja tu ya kutazama, hii ndiyo ningeichagua.

Mafuta tuliyojaza Unguja yalitupeleka na kuturudisha na yakabaki mengi. Mashine hii inakunywa kama lita 35 kwa saa na tanki zinatoa kama lita 200, kwa hiyo mtu asikuambie usimame kutafuta mafuta Pemba.

Bei? Tuligawana marubani wawili, na fungu langu peke yangu lingetosha tiketi za Caravan za nyumba nzima, kwenda na kurudi. Shemeji hakutoa kitu, na si kwa ukarimu wangu: leseni ya rubani binafsi hairuhusu kuchukua malipo ya abiria. Kwa hiyo wale wanaoniandikia "nitakulipa nipeleke" jibu ni hapana, sasa na mwakani. Nyinyi tafuteni kampuni yenye kibali cha kubeba abiria, muwaambie mnataka mzunguko wa kutazama, na mtaje mapema kwamba mnataka ndege ya bawa la juu.

Kwa marubani wenzangu: ndege ilikuwa nzima, redio safi, breki sawa sawa. Hedifoni ya kiti cha nyuma ilikuwa inakata sikio moja. Mwenye kukodisha nilimwandikia kuhusu majaketi, na akajibu siku ile ile kwamba yote yamepelekwa kukaguliwa. Nitakodi kwake tena, na mfuko wa majaketi nitaufungua kabla sijatia saini.