Yamaha YTR-2335 iliyotumika: tarumbeta ya bei nafuu kwa anayekwenda kusomea muziki

Mpwa wangu anakwenda kusomea muziki Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River nje kidogo ya Arusha. Kwa miaka mitano alikuwa akipuliza tarumbeta ya kanisa hapa Dodoma, ile inayokaa kabatini na kutolewa kwa zamu, nayo hawezi kuondoka nayo. Tarumbeta anayokwenda nayo ni Yamaha YTR-2335, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika na ambayo ameipuliza kila siku kwa mwaka mzima. Ninaitathmini kwa ajili ya wazazi na walezi walio katika hali kama yetu, kwa sababu kabla ya kuipata tulikosea, na kosa letu lilitugharimu.

Alipokuwa kidato cha tano tulimnunulia tarumbeta mpya isiyo na jina la kueleweka, katika duka moja la Kariakoo, kwa shilingi 420,000. Iling'aa kuliko ya kanisani, na muuzaji alituhakikishia, "Mzee wangu, hii haijaguswa na mdomo wa mtu." Alisema kweli, lakini upya si ubora. Baada ya miezi minne pistoni ya pili, yaani kitufe kinachobonyezwa kubadili noti, ilianza kuganda ikiwa chini katikati ya wimbo, kisha lehemu inayoshikilia mrija wa kwanza ikaachia. Fundi tuliyempelekea aliirudisha lehemu, ila pistoni hakuiweza, kwa kuwa ilikuwa imechongwa vibaya tangu kiwandani na hakuna mahali pa kupata vipuri vya ala isiyojulikana mtengenezaji wake. Kijana alidhani yeye ndiye asiyejua kupuliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha.

YTR-2335 ni tarumbeta ya B flati iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, nayo ni toleo lililotangulia YTR-2330. Tundu la mrija wake lina kipenyo cha milimita 11.65, na mdomo wake mpana wa mbele una milimita 123, vipimo ambavyo havimchoshi kijana pumzi na bado vinatoa sauti iliyojaa. Pistoni zake ni za moneli, aloi ya nikeli na shaba isiyoshika kutu upesi, na hapo ndipo tofauti yake na ile ya kwanza inapoonekana wazi. Tuliipata kwa mpuliza tarumbeta aliyekuwa anahama mji, kwa shilingi 850,000. Ilikuwa imechubuka rangi pale mkono wa kushoto unaposhika, na ilikuwa na kibonyeo kidogo kwenye mkunjo wa mbele. Kasoro hizo hazikugusa sauti, ila zilitusaidia kushusha bei.

Kabla ya kulipa nilifanya jaribio ambalo ningemsihi kila mnunuzi alifanye. Nilivuta mrija wa pistoni ya tatu kwa nje bila kubonyeza pistoni, nikahesabu hadi tano, kisha nikabonyeza. Ukasikika mlio mfupi wa "po!", kama kizibo kinachong'oka kwenye chupa. Mlio huo unaonyesha kwamba pistoni bado inaziba hewa vizuri ndani ya silinda yake. Pistoni iliyolika haitoi mlio wowote, kwa sababu hewa imeshapenya pembeni. Baada ya hapo niliutazama juani mrija unaopokea mausipisi, yaani kipande kinachowekwa mdomoni, nikitafuta madoa ya rangi ya waridi, yaani mahali ambapo zinki imetoka ndani ya aloi ya shaba na kuiacha dhaifu. Sikuyaona. Mirija yote ilisogea kwa mkono bila kupigwa nyundo wala kuvutwa kwa koleo.

Mrija wa tatu una pete ya kidole, na mwanafunzi asinunue tarumbeta isiyo nayo. D ya chini na C shapu ya chini hupanda juu ya sauti inayotakiwa katika tarumbeta yoyote, na mpulizaji hurekebisha kwa kuusukuma mrija huo nje wakati anapopuliza. Mpwa wangu aliyajua hayo baada ya kupata ala inayomruhusu, na alipojipima kwa programu ya simu ya kupima noti alishangaa kuona mshale unatulia katikati.

Wapo wanaoshauri mwanafunzi wa chuo anunue tarumbeta ya C kwa kuwa inakubaliana moja kwa moja na kinanda. Siafikiani nao. Ni kweli kwamba kwenye B flati noti iliyoandikwa C husikika kama B flati, na kijana aliyelelewa kwa solfa huchanganyikiwa mwanzoni, lakini vitabu vingi vya mazoezi na noti za bendi huandikwa kwa B flati.

Mausipisi ya Yamaha 11B4 ilikuwemo kwenye kasha, nayo inamtosha.

Kasoro ninayoiona ni moja, na sehemu yake ni ya mji wetu. Katika kiangazi cha Dodoma, kuanzia Juni hadi Novemba, vumbi huingia hata ndani ya kasha lililofungwa, na pistoni huanza kukwaruza usipozifuta na kuzipaka mafuta kila siku. Mafuta yenyewe ya pistoni hatukuyapata hapa mjini, tukawa tunaagiza Dar es Salaam. Mafuta ya cherehani yasitumike badala yake, kwa maana ni mazito na hugandisha vumbi likawa kama tope. Kila mwezi tunaiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, kwa kuwa maji ya moto hubandua rangi ya juu. Pistoni zina namba 1, 2 na 3. Zikichanganywa wakati wa kurudishwa, hewa haipiti kabisa.

Kasha lake la zamani limelegea kifungo kimoja, kwa hiyo tumelifunga kwa mkanda wa begi. Basi la Arusha linapita Kondoa na Babati, na nimemwambia alipakate kasha hilo mapajani, asikubali kondakta aliweke kwenye buti.