The Dark Crystal: Kwa Nini Watazamaji Hawapatani Juu Yake

Hamjambo ndugu watazamaji, na karibuni tena katika uchambuzi wetu kutoka hapa Mombasa. Leo ninaichambua The Dark Crystal, filamu ya vikaragosi iliyoongozwa na Jim Henson pamoja na Frank Oz, ikatolewa mwezi Desemba mwaka 1982. Kila ninapoionyesha mbele ya watu hapa mjini, huinuka wakiwa wamegawanyika. Wapo wanaosema ni kazi ya mikono isiyo na kifani, wapo wanaoona hadithi yake ni nyepesi na shujaa wake anachosha, na wapo wazazi wanaoshikilia kwamba haikufaa kuwekwa mbele ya watoto hata kidogo. Mimi ninaipenda sana filamu hii, lakini siwezi kusema kwamba waliochoshwa nayo wamekosea, kwa sababu anayeisifu na anayeilaumu kwa kawaida hawazungumzii vikaragosi wale wale.

Kwa yule ambaye hajaiona, hadithi ni hii. Katika ulimwengu uitwao Thra, jiwe kubwa la fuwele lilipasuka miaka elfu moja iliyopita, kigae kimoja kikachopoka, na hapo wakazuka viumbe wa aina mbili: Skeksis, madhalimu wanaotawala kasri lenye jiwe hilo, na wazee wapole waitwao urRu wanaoishi mbali bondeni. Jen ni kijana wa Kigelfling, kabila ambalo Skeksis walikaribia kulimaliza lote, naye anatumwa akitafute kigae hicho na kukirudisha mahali pake kabla majua matatu ya Thra hayajakutana angani. Njiani anakutana na Kira, binti wa kabila lake. Katika dakika zote 93 huoni sura ya binadamu hata moja.

Lawama ya kwanza ni ya kutisha, nayo ina chimbuko lake. Henson alikuwa akijulikana kwa Kermit, yule kikaragosi wa chura, kwa kipindi cha watoto cha Sesame Street, na kwa kipindi cha vichekesho cha The Muppet Show kilichorushwa kuanzia 1976 hadi 1981, kwa hiyo waliokwenda sinema walikwenda kucheka. Nasi hapa Kenya hali si tofauti, kwa kuwa vikaragosi vya runinga tulivyovizoea ni vile vya The XYZ Show, vilivyoanza mwaka 2009 kuwakejeli wanasiasa wetu. Mtu akiambiwa vikaragosi, huketi akiwa na kicheko tayari mdomoni, kisha anaonyeshwa kiumbe mdogo wa kabila la Wapodling amefungwa kitini, mwanga wa fuwele unamulikwa usoni mwake, macho yanafifia na kuwa meupe, ngozi inakunjamana, na uhai uliokamuliwa mwilini mwake unakingwa chupani ili mtawala aunywe arudi ujana. Mama mmoja wa Kisauni aliizima filamu papo hapo, na sikumlaumu.

Hata hivyo, sikubali kwamba hofu ni kasoro ya kazi hii. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa ngano ambamo zimwi humeza watu, na bado mtoto akisikia "Paukwa!" huitikia "Pakawa!" kwa furaha, maana msimulizi yuko naye, anamwona usoni na anajua wapi pa kupunguza sauti. Filamu haina msimulizi wa namna hiyo. Kwa maoni yangu, mtoto wa chini ya miaka saba asiitazame, na aliyezidi umri huo aitazame na mtu mzima ubavuni, anayeweza kuisimamisha na kujibu maswali.

Lawama ya pili ndiyo nzito zaidi, na hapa ninaomba mnivumilie. Wengi husema Jen hana uhai, na ni kweli. Uso wake umechongwa ukaribie uso wa binadamu, na kila mtu tangu utotoni anajua uso wa binadamu unavyofanya, kwa hiyo shavu lisiposogea na jicho lisipoyumba, tunaona mara moja kwamba kuna kitu kimepungua. Skeksis wamenusurika na hukumu hiyo. Wao wamechukua umbo la tumbusi na la mnyama atambaaye, wakavikwa mahariri yaliyochakaa, nasi hatuna kiumbe wa kuwalinganisha naye, basi tunaupokea kila mtikisiko wa shingo zao kuwa ndivyo walivyo. Ndani ya kila mmoja yupo mchezeshaji aliyeinua mkono wake juu ya kichwa, akiongoza mdomo huku akiutazama mchezo wake katika kiruninga kidogo kilichofungwa kifuani, na wenzake wakisaidia kuendesha mikono na macho. Jasho hilo linaonekana. Tazameni Kaizari wao anapokufa: wenziwe wamekizunguka kitanda, mkono mmoja unanyemelea fimbo ya utawala, naye aliyedhaniwa amekwisha anazinduka kuikumbatia na kudai kwamba angali mtawala, kisha uso unaanza kumong'onyoka mbele yetu hadi unakuwa vumbi.

Kuna jambo lililonifungua macho zaidi. Bibi mmoja wa Kibokoni asiyejua Kiingereza aliitazama filamu hii pamoja nasi, na katika maonyesho ya Skeksis hakuhitaji kutafsiriwa neno. Alimtambua Chamberlain, yule mnafiki mwenye mguno mwembamba wa kubembeleza, akajua anautamani ufalme, na waliposhindana kwa kupiga jiwe kwa panga, akashindwa, akararuliwa nguo na kufukuzwa akiwa uchi, bibi alisema, "Yamemfika." Alipotokea Jen, bibi akawa anauliza kila mara: anasema nini huyu? Sababu iko katika historia ya filamu yenyewe, kwa kuwa hapo awali Skeksis walikuwa wakizungumza lugha ya kubuniwa isiyoeleweka na mtu yeyote, na ni baada ya watazamaji wa majaribio kulalamika ndipo wakawekewa maneno ya Kiingereza. Maonyesho yao yalitengenezwa yaeleweke bila maneno. Jen, kwa upande wake, hueleza kwa sauti kila anachokiwaza, na mara nyingi anatuambia jambo ambalo tumekwisha kuliona.

Muziki wa Trevor Jones na michoro ya Brian Froud sijasikia mtu akiilaumu, kwa hiyo siirefushi habari hiyo. Kuhusu The Dark Crystal: Age of Resistance, tamthilia ya Netflix ya mwaka 2019 yenye vipindi 10 inayorudi katika ulimwengu huu wa Thra, nyuso za Wagelfling zimepata uhai zaidi, na aliyechoshwa na Jen aanzie huko, ingawa ajue kwamba haikuendelezwa baada ya msimu wa kwanza.

Uliobaki ni ubishi juu ya mwisho, na ambaye hajaiona filamu na aniache hapa. Kigae kinaporudi mahali pake, Skeksis hawaangamizwi, bali wanaunganishwa na wale urRu wakawa viumbe wamoja kama walivyokuwa zamani. Vijana wengi niliotazama nao huudhika, wakisema madhalimu wamesamehewa bila kulipa, na kwamba mwisho huo umeangushwa kutoka hewani. Juu ya kusamehewa wana hoja, nami sina jibu la kuwaridhisha waliohesabu Wapodling waliokamuliwa. Juu ya kutoka hewani, sikubaliani nao. Kaizari anapokufa, mkuu wa urRu anakufa saa ile ile. Jen anapomchoma Chamberlain mkononi kwa kigae, mbali sana na hapo mzee mmoja wa urRu anapata jeraha mkononi, na hakuna anayetueleza kwa nini. Wengi huwa wanamwangalia Jen wakati huo, na onyesho la yule mzee huwapita.