Mahafali ya Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru: maoni ya mama wa mhitimu

Kwa mzazi anayejiuliza kama inafaa kufunga safari mpaka Tengeru kwa ajili ya mahafali ya Chuo cha Ualimu Elimu Maalum Patandi, jibu langu ni nenda, tena uwahi. Usifike saa tano ukitegemea kukuta viti ndiyo kwanza vinapangwa. Kitu bora kuliko vyote mimi nilikikuta asubuhi, kabla mgeni rasmi hajaingia: maonyesho ya zana za kufundishia.

Nasema hivyo nikiwa mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili huko Kondoa, na mahafali ya vyuo vya ualimu nimeyahudhuria ya kutosha. Mengi hufanana: risala, kwaya, ngonjera, pilau, kwaherini. Safari hii nilikwenda kama mama. Binti yangu alikuwa mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi, akaomba ruhusa akasomee elimu maalum, upande wa ulemavu wa akili. Ndugu zetu wengine hawakumwelewa. Waliona kama mtu aliyekwisha kupata kazi halafu anarudi nyuma. Wawili kati yao nilipanda nao basi, na nafurahi walikuja.

Meza za maonyesho zilipangwa kwa fani. Kwenye meza ya kutoona, kijana mmoja alinisalimu, "Shikamoo mama," nikamwitikia marahaba, akaniomba nifumbe macho. Alikuwa amekata trei la mayai vipande vyenye vishimo sita sita, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu, jinsi zinavyokaa nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Ndani ya vishimo aliweka mipira midogo. Akanishika mkono, akaupitisha: mipira miwili kushoto, mmoja juu ya mwingine, ni b. Mpira mmoja, juu kushoto, ni a. Tena b, tena a. Nimesoma "baba" kwa viganja, mimi niliyelifundisha neno hilo kwa chaki miaka yote hiyo! Akanieleza kwamba mtoto huanza hivyo, kwa mkono mzima, mpaka kidole kizoee kutafuta nafasi ya nukta, ndipo anapewa karatasi. Pembeni palikuwa na mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, ya chuma, uzito wake unakaribia kilo 5, yenye vitufe 6 vya nukta na katikati kimoja cha kuruka nafasi. Mashine hiyo ni ya gharama. Trei la mayai linapatikana kwa mwenye genge yeyote, na hapo ndipo nilipotambua kwamba huyu kijana ameandaliwa kwa ajili ya shule zetu zilivyo.

Meza ya uziwi walikuwa na ngoma iliyowekwa juu ya ubao mpana. Unavua viatu, unapanda, mtu anapiga, na mdundo unaupata kwa nyayo. Ndugu yangu mmoja aliyekuwa amenuna tangu Babati alipanda mara mbili.

Meza ya binti yangu haikuwa na mbwembwe. Vibao vyenye vifungo vya shati, zipu na kamba za viatu, na ukutani mfululizo wa picha za kupiga mswaki: shika mswaki, fungua dawa, minya kidogo, funga dawa, na kuendelea. Alituambia kuwa kazi ambayo sisi tunaiona ni moja, mtoto wake anaiona kama mlima, kwa hiyo mwalimu anaikata vipande, kisha anafundisha kimoja mpaka kikae ndipo aguse kinachofuata. "Mama, kuna mtoto atakaa kwenye kufungua dawa wiki nzima, na hiyo wiki haijapotea." Niliomba kuona andalio lake la somo, maana siwezi kuacha. Lilikuwa la mtoto mmoja mmoja, lenye jina, anachoweza tayari na kinachofuata. Kwa darasa la watoto 80 sikuwahi kuandika kitu cha namna hiyo, wala nafasi haikuwepo. Nililisoma lote nikiwa nimesimama.

Sherehe yenyewe ndiyo ninayotaka vyuo vingine viige. Mkalimani wa lugha ya alama alisimama pahali pa juu, mwanga ukimwangaza usoni, amevaa nguo nyeusi isiyo na maua ili mikono ionekane. Walikuwa zaidi ya mmoja, wakipokezana, kwa sababu kazi ile inachosha mikono na akili. Wimbo wa Taifa uliimbwa kwa sauti na kwa mikono kwa pamoja. Mshereheshaji naye alikuwa anasema kinachoonekana: sasa wahitimu wanaingia wawili wawili, wamevaa majoho, wa mbele amebeba bendera. Mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya kupendezesha. Baadaye nikamwona mzee mmoja asiyeona, kakaa safu ya mbele na mjukuu wake, anatabasamu pale pale panapostahili, na hakuna aliyekuwa akimnong'oneza.

Risala ilisomwa na mhitimu asiyeona, karatasi ameilaza mezani, vidole vinatembea, uso umewaelekea watu muda wote. Nimesikiliza risala nyingi za watu wanaoona wakipotea mistari. Yeye hakupotea hata mmoja. Kwa sisi wa Dodoma, ambao shule ya wasioona ya Buigiri tunayo kwetu tangu 1950, kuona mtu asiyeona anaondoka na cheti cha kuwafundisha wengine ni jambo la kushangiliwa, na lilishangiliwa. Nusu ya ukumbi ilipiga makofi na vigelegele, nusu ilinyanyua mikono juu ikitikisa vidole, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Mpaka mwisho wa siku hata wamama tuliotoka mbali tulikuwa tunafanya yote mawili.

Baada ya vyeti ni kama kwingine: mataji ya maua shingoni, noti za kutuza, vitenge vya sare za ukoo, picha. Hapo kwenye picha uwe makini. Kuna wapiga picha wanaojitembeza wenyewe nje ya geti. Mmoja alichukua hela yetu kabla ya kusafisha picha, na hatukumwona tena. Lipa ukishaishika picha mkononi, au mwombe kijana wa familia atumie simu.

Usafiri si tatizo. Kutoka Kondoa, tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike, unafika Arusha siku hiyo hiyo bila mavumbi. Lala mjini, asubuhi panda daladala za Tengeru kwenye barabara kuu ya Moshi, halafu bodaboda mpaka chuoni. Kwa mwenye goti bovu kama mimi, chukua bajaji. Chakula tulikula kwa mama lishe mmoja upande wa sokoni: ndizi nyama ya Kimeru, ndizi zimelainika lakini hazijapondeka, sahani imejaa, na akatuongezea mchuzi bila kuombwa. Mahafali yakiangukia Jumamosi ujue ni siku ya soko kubwa la Tengeru na njia inajaa, hivyo toka mjini saa moja.

Na kama mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwako anaweza kupata ruhusa, mlipieni nauli mwende naye. Mimi wa kwetu nitamchangisha mwaka ujao, aanzie kwenye meza ya trei za mayai.