Kikundi cha wanaoacha pombe, Nairobi: uzoefu wangu wa miezi 14

Mara ya kwanza nilienda nikiwa nimekunywa. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mtu anasubiri aache kwanza ndipo aende. Hakuna aliyenifukuza. Mzee mmoja alinisogezea kiti cha plastiki, akanimiminia chai, akaniambia leo nisikilize tu.

Kabla ya hapo nilijaribu kuacha peke yangu, na hapo nilikosea vibaya. Nilikuwa mtu wa kila siku: jioni bia ya keg, usiku chupa ya robo mfukoni, alfajiri kidogo ya kutoa loki, yaani kuondoa uchovu wa pombe ya jana, ili mikono isitetemeke nikifungua duka. Nikakata ghafla siku ya Jumatatu. Jumatano nikaanguka jikoni, nikarusha miguu, mke wangu akadhani ni kifafa. Daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka ukinyimwa kwa ghafla unaweza kuingia degedege, na wengine hufa. Nikalazwa siku nne. Kwa hiyo kama unatetemeka asubuhi, daktari kwanza, kikundi baadaye. Kikundini hakuna dawa wala daktari, na hakuna anayejifanya daktari.

Kukipata nako kulinichosha. Kikundi cha kwanza nilielekezwa na jirani. Nilipofika nikakuta ukumbi una kwaya inafanya mazoezi, na hakuna aliyejua wale watu walihamia wapi. Nikatoka hapo moja kwa moja hadi baa. Wiki tatu baadaye nikapiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Nilitarajia mahubiri, nikapata mtu aliyeniuliza nakunywa kiasi gani na naishi upande gani wa mji. Ndipo nikaambiwa kuhusu mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe.

Huko jina lako la kwanza linatosha, na yanayosemwa ndani hubaki ndani. Lakini Nairobi ni Nairobi. Getini mlinzi akanisukumia kitabu: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sababu ya kuja. Nilishika kalamu jasho likinitoka, nikaandika “mkutano”. Kutazama mistari ya juu, watu saba walikuwa wameandika “mkutano” vilevile.

Tunaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Aliyepanga muda huo alijua anachofanya. Kwa sheria ya pombe ya 2010, baa siku za kazi zinaruhusiwa kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja, na koo langu lilikuwa linaijua saa hiyo bila kuangalia simu.

Ndani hakuna mambo makubwa. Mtu anasema jina lake, anasema yeye ni mlevi, anaeleza wiki yake ilivyokwenda. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Zinasomwa hatua 12 za kuacha pombe, zile zilizotoka Marekani kwa dalali wa hisa na daktari wa upasuaji waliokutana Akron, Ohio, mwaka 1935, wote wawili wakiwa wameshindwa na chupa. Mwisho kinapitishwa kikapu. Ukiwa na hamsini unaweka, usipokuwa nayo unakipitisha tu. Hakuna ada.

Kisha nikaambiwa nitafute “sponsa”. Nilicheka hadi nikaona haya, maana kwetu sponsa ni yule mzee anayemlipia msichana wa chuo kodi ya nyumba. Hapa ni mtu aliyeacha kabla yako, unayempigia hata saa sita usiku. Wangu ni fundi wa magari, ana miaka tisa bila tone. Hunijibu kwa maneno matatu tu: “Umekula? Uko wapi?”

Jambo ambalo singependa ulikose ni hili. Miezi miwili ya kwanza nilizungumza Kiingereza, kwa sababu waliotangulia walizungumza Kiingereza. Nikasema nina changamoto, nimejifunza mengi, nashukuru. Ilikuwa kama niko kwenye mahojiano ya kazi. Na nikirudi nyumbani nakunywa. Siku moja nikachoka, nikasema kwa Kiswahili: niliuza cherehani ya mama yangu nikanywa, halafu nikamsaidia kumtafuta mwizi. Ukumbi ukanyamaza. Sikuwa nimewahi kulisema hilo popote, na kwa Kiingereza nadhani nisingelisema hadi leo. Tangu siku hiyo nimekaa bila kunywa. Ukikuta kikundi kinachokulazimisha lugha ya ofisini, uliza kama unaweza kuzungumza yako. Mimi sikuwa nimeuliza. Hakuna aliyekuwa amenikataza.

Si kila kitu kimenipendeza. Mungu hutajwa sana. Mimi ni Mwislamu wa kuswali Ijumaa tu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba kila mtu anamwelewa kwa namna yake. Kina mama ni wachache: wawili, wakati mwingine mmoja, na nadhani wanaoogopa kuonekana wakiingia ni wengi kuliko sisi. Kuna kaka mmoja akishika zamu haachii. Chai ina sukari ya kuua, ingawa nimeambiwa mwili ukikosa pombe huitamani sukari, na kweli siku hizi naweka vijiko vinne.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeikata kwa ajili ya kitabu cha getini. Alhamisi iliyopita mlinzi aliniona nikija, akaijaza safu ya mwisho mwenyewe kabla sijashika kalamu.