Fundi fremu wa Majengo aliyeikunjua nyumba ya bibi yangu

Nimekaa na hii rivyu wiki mbili sijaiandika, kwa sababu nilitaka picha ikae ukutani kwanza nione kama itabonyea au kioo kitaingia ukungu, mpaka leo iko fresh, kwahiyo naandika.

Duka lenyewe halina bango. Ukitoka Soko la Majengo hapa Dodoma uliza fundi wa fremu, mlango wa bluu, nje kaegemeza vioo na ameviwekea magunia, wanamjua. Nilienda na picha ya bibi yangu mzaa baba, ndogo kama kiganja, blakendi waiti, iko kwenye fremu iliyochoka kabisa, hadbodi ya nyuma mchwa wameshaila nusu. Nyumba ya bibi kijijini upande wa Chamwino ilivuja sana zile mvua za elinino za 1997 na 1998, picha ikaloa ikagandia kwenye kioo. Nilishapita studio nyingine kabla, siitaji jina, kijana pale akachukua kisu anataka kuibandua mbele yangu, nikamnyang'anya nikaondoka.

Huyu fundi wa Majengo hakugusa kisu. Alisema picha ikishagandia kioo ukiivuta, ngozi ya juu ya karatasi yenye picha yenyewe inabaki kwenye kioo, na hapo umepoteza kila kitu. Akatoa misumari ya fremu mmojammoja kwa koleo, akaondoa mbao, akabaki na kioo na picha yake ili aiskani hivohivo ikiwa kwenye kioo. Sasa wakati anatoa ile hadbodi ndo akaniita, "Dada njoo uone, hii picha imekunjwa."

Yaani fremu ya zamani ilikuwa fupi kuliko picha, kwahiyo mtu, hatujui nani, alikunja upande wa kushoto ukarudi nyuma ili itoshe. Miaka yote hiyo tunaangalia picha pungufu. Baba yangu ana kopi kubwa sebuleni kwake, ilipigwa kutoka kwenye fremu hiyohiyo, kwahiyo na yenyewe ni pungufu. Sisi wajukuu tumekua tukijua ni picha ya furaha: bibi binti mdogo, kambeba baba mgongoni, anatabasamu, nyuma kuna ukuta wa udongo. Tulikuwa tunasema bibi alikuwa mrembo, siku hiyo lazima kulikuwa na sherehe.

Fundi akakunjua taratibu kwa vidole, kidogokidogo, huku akiipuliza vumbi. Upande wa kushoto kuna tembe yetu, ile nyumba ya Kigogo ya paa bapa la udongo, lakini paa limeshafunguliwa, nguzo zimeng'olewa zimelazwa chini, kinu kiko nje, vibuyu viko nje, na pembeni kabisa inaonekana tairi ya lori.

Nilikaa kimya kwenye kile kibenchi chake muda mrefu. Kesho yake nikaenda kumchukua bibi kijijini nikamleta. Fundi alimpokea kwa salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", akampisha kiti chake, akamwekea picha kwenye kompyuta kubwa. Bibi akaiangalia, akasema hiyo ni mwaka wa operesheni. Anaongelea Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa. Mtu aliyekuja na lori alikuwa na kamera akampiga. Nikamuuliza, bibi mbona unacheka sasa? Akasema, "Mjukuu wangu, sikucheka. Jua lilikuwa la saa saba, nilikuwa nimekunja uso."

Ukiangalia picha nzima unaona kabisa ni jua, kivuli chake kiko chini ya miguu pale. Ukiangalia ile iliyokunjwa unaona tabasamu. Uso ni uleule jamani, haujabadilika hata nukta. Kuna Mrusi mmoja mtengeneza filamu, Lev Kuleshov, karibu miaka 100 iliyopita alichukua uso uleule wa muigizaji akaupachika mara baada ya sahani ya supu, mara baada ya jeneza, watazamaji wakaona njaa, wakaona majonzi. Nilisoma hilo chuoni nikalijibia mtihani, ila sikuwahi kufikiri ndo ilikuwa inatokea sebuleni kwetu kila siku kwa bibi yangu mwenyewe.

Turudi kwenye kazi. Fundi aliskani mara mbili, sehemu iliyo kwenye kioo na sehemu iliyokuwa imekunjwa, akaunganisha kwenye kompyuta, na aliskani kwa ubora mkubwa ndo maana kopi kubwa ya A3 imetoka bila kuvurugika. Kijana wake akatuonyesha pia ile programu ya akili mnemba inayotia rangi, ikampaka bibi nguo ya bluu ya kung'aa na udongo ukawa mwekundu kama wa Moshi. Bibi akasema hapana, alivaa kaniki. Fundi akatuelewesha vizuri kwamba filamu ya blakendi waiti inashika mwanga na giza tu, rangi haishiki, kwahiyo programu inakisia, haiwezi kujua kilichovaliwa. Akaifuta bila kubishana. Hiyo niliipenda sana, maana kuna mafundi wanakutia rangi bila kukuuliza na wanakuchajia.

Halafu akauliza swali ambalo kwangu ndo lilinifanya niandike haya yote. Pale palipokunjwa pamebaki mstari mweupe, umepita wima katikati ya bibi na nyumba. Akasema naweza kuufuta usionekane kabisa, nifute? Mimi nilishafungua mdomo niseme futa. Bibi akasema, "Uache. Hapo ndo mlipoikunja nyumba yangu."

Akauacha.

Wakati tunasubiri niliangalia picha anazouza ukutani, ana zile za michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006. Zimekatwa mtu mmojammoja, kila mtu na fremu yake. Nimefika Kolo, kule mwambani michoro imepandana, wa jana juu ya wa juzi, na hakuna ukingo unaokuambia picha inaishia hapa. Nilimwambia fundi achapishe hata moja inayoonyesha mwamba wenyewe, akasema atafikiria, natumaini kweli atafanya.

Bei: kuskani na kusafisha 20,000, kuprinti A3 na fremu ya mbao na kioo 45,000. Ndani ameweka ile kadi nyeupe inayozunguka picha, sio urembo tu, inaizuia picha isiguse kioo, ili isigande tena. Nyuma ameziba na gamutepu pembeni zote kwa ajili ya vumbi letu hili la Dodoma. Ile asili amenirudishia ikiwa kwenye bahasha ya karatasi, haijakunjwa.

Alichoniudhi ni muda. Aliniahidi Alhamisi, nikaipata Jumatano iliyofuata, na hakutuma hata meseji, nimepanda bodaboda mara mbili bure. Fundi ukisoma hii, mtu anasubiri picha ya mama yake au bibi yake, tuma meseji kaka. Pia kamba ya kutundikia ilikuwa nyembamba kwa uzito wa kioo, nimenunua waya nikabadilisha mwenyewe. Kwa hayo namkata nyota moja, nampa nne.

Baba hajaitoa ile ya kwake, zimekaa mbili jirani ukutani. Wageni wakija sasa wanauliza hiyo nyumba ilikuwa wapi, na bibi akiwepo anawaambia, mpaka jina la mti uliokuwa mlangoni.

Anafungua saa tatu, Jumapili ni baada ya ibada. Na kama picha yako imegandia kwenye kioo, usiiguse, ipeleke na fremu yake hivohivo ilivyo.