Jeli ya "saa 24": miezi miwili nayo wodini

Jeli hii ya kutakasa mikono niliinunua kwa pesa yangu, duka la dawa la pale kituoni, wiki ambayo chupa za ukutani wodini kwetu zilikuwa zimekauka. Kilichonivuta ni maandishi ya mbele: "Hulinda mikono saa 24". Mimi ni muuguzi wa watoto njiti. Usiku mmoja mikono yangu inaingia na kutoka kwenye vitanda sijui mara ngapi, kwa hiyo ahadi kama hiyo inamfikia mtu mahali pake.

Nianze na sifa zake, maana inazo. Haiwashi. Kwa sisi ambao ngozi ya vifundo vya vidole imeshapasuka kwa kuosha na kuosha tena, hilo si dogo. Harufu yake ya ndimu watoto wa nyumbani wanaipenda.

Siku ya tatu ndipo nilipoigeuza nikasoma maandishi ya nyuma. Haina alkoholi. Ina benzalkoniamu kloraidi asilimia 0.13. Inaua bakteria wengi, na kweli hubakia kidogo kwenye ngozi baada ya kukauka, lakini kutoka hapo hadi saa 24 ni mbali sana. Ukishika nepi, umeshika nepi.

Usiku mmoja nikamwona mwanafunzi wetu anatoka kitanda cha tatu anakwenda cha nne, mikono hivyo hivyo. Nikamwita. Akanijibu kwa heshima zake zote: "Sista, mbona nilipaka saa mbili? Hii si inafika mpaka kesho?" Nilitaka kucheka, nikashindwa. Chupa niliileta mimi. Zile nyakati tano za kusafisha mikono za Shirika la Afya Duniani tunazifundisha kila mwaka: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanyula (kile kimrija cha kwenye mshipa), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vyake. Mtoto alikuwa na gramu 1,400 na mrija puani.

Halafu inanata. Ukipaka mara ya tatu, ya nne, inaanza kujiviringisha vidole vikisuguana, vijiuzi vyeupe kama uchafu wa kifutio cha penseli. Glovu inagoma katikati ya kiganja, na hapo mtoto analia.

Nimerudi kwenye ile ya famasi ya hospitali, inayochanganywa kwa fomula ya Shirika hilo hilo: ethanoli asilimia 80, gliserini 1.45, haidrojeni peroksaidi 0.125, iliyobaki maji. Peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua vijimbegu vya bakteria vinavyoweza kuwamo kwenye mchanganyiko au chupa. Ni majimaji tu, si jeli, inanuka spiriti, na penye mpasuko inachoma kweli kweli. Lakini unaisugua sekunde 20 hadi 30, kidole gumba na ncha za vidole visisahauliwe, inakauka, glovu inaingia. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mtoto anaharisha, naiacha, naenda bombani na sabuni.

Ile ya ndimu iko kwenye mkoba, imebaki robo. Natumia nikishuka daladala. Pampu yake siku hizi inakwama, mpaka uibonyeze mara mbili.