Pawabanki ya 20,000: geuza nyuma kwanza

Haya, karibuni tena. Hiyo kelele mnayoisikia si ya maikrofoni, ni kifeni cha hiki kidude hapa kushoto. Kazi yake ni moja tu, kunyonya umeme wa pawabanki na kuuhesabu. Nimekiwasha saa tatu na ushee zilizopita, kinavuta wati 18 bila kupumzika, na sasa hivi kinasoma wati-saa 61. Tukiache kiendelee, tutakirudia.

Pawabanki yenyewe ndiyo hii. Rangi ya majivu, gramu 350 kwenye mizani yangu, ina kiskrini cha asilimia na waya mfupi uliofungwa pembeni kama mkono wa begi. Mbele wameandika 20,000, yaani miliampia-saa (mAh), sisi tunaziita miliampia tu, herufi kubwa, hata bila miwani unaziona. Na kwenye boksi wanaahidi itajaza simu ya 5,000 mara nne. Ishirini gawa kwa tano, nne. Hesabu nyepesi, na ndiyo inayotuponza.

Zile miliampia 20,000 zimehesabiwa ndani, kwenye seli, yaani betri zilizomo, zenye volti 3.7. Kwenye waya wa USB zinatoka volti 5 au zaidi. Ukipandisha volti, miliampia zinashuka, na njiani joto nalo linachukua ushuru wake. Kwa hiyo sahau miliampia, tafuta wati-saa (Wh), yaani umeme wote uliomo: 20,000 mara 3.7, gawa kwa elfu moja, unapata 74. Sasa nikiigeuza... subiri kamera ishike... mnaona? Maandishi ya kijivu juu ya kijivu: 74 Wh. Na chini yake, madogo zaidi: miliampia 12,000 kwa volti 5. Yaani walioitengeneza wanaujua ukweli vizuri tu. Sifa wameziweka mbele, ukweli wakaupeleka mgongoni.

Kwenye simu yangu, ambayo ni ya 5,000 kweli, nimepata mara tatu kasoro kidogo. Mimi sina ugomvi na hilo, pawabanki zote ndivyo zilivyo. Ugomvi wangu ni na boksi.

Na hiyo namba ya mgongoni ndiyo wanayoiangalia watu wa ndege. Hapa nitakaa kidogo, maana maswali mengi mliyoniachia yalikuwa haya. Kanuni inayotumika karibu kila mahali ni kwamba hadi Wh 100 unapanda nayo bila kuuliza. Kati ya 100 na 160 uombe ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo, iache nyumbani. Ndiyo maana zimejaa za 27,000 madukani. Ukipiga hesabu unapata 99.9, wamekanyaga mstari kwa ncha ya kidole. Ya 30,000 ni 111, hiyo tayari ina maswali.

Na pawabanki yoyote haiingii kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege. Mdau mmoja aliniuliza, "Kaka, kama ni hatari si bora ikae mbali na watu?" Hapana, ni kinyume chake. Ndani ya seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili. Utando ukitoboka, pande zikagusana, joto linapanda lenyewe, na lile majimaji la ndani linashika moto. Seli moja inawasha jirani yake. Ikitokea karibu yako, mhudumu anamwaga maji, anaipoza, anaendelea kuipoza. Ikitokea kule chini kwenye mizigo, nani ataimwagia maji?

Kuanzia 2025 mambo yamekaza. Januari 28 mwaka huo ndege ya Air Busan iliungua uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ikiwa bado chini. Watu 176 walikuwemo, wakatoka wote, na wachunguzi wakasema huenda chanzo ni pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Kufikia Machi 1, Korea Kusini ikapiga marufuku kuziweka huko juu, kaa nayo mwilini au mfukoni mwa kiti. Aprili, Singapore Airlines wakakataza kuzitumia angani. Oktoba, Emirates nao, moja kwa kila abiria na usiiwashe.

Maoni yangu? La kabati naliunga mkono mia kwa mia. Kitu kinachoweza kuanza kufuka moshi nataka kikae ninapokiona. La kutotumia kabisa nalielewa pia, ila basi nipeni tundu la chaji linalofanya kazi kwenye kiti. Nimeshakaa saa kumi na moja mbele ya tundu la USB lililolegea, nikashikilia waya kwa goti ili uendelee kugusa.

Na hili la maandishi msilidharau. Nilikuwa na pawabanki nzuri tu, imekaa begini miaka mitatu ikisuguana na funguo. Pale kwenye ukaguzi afisa akaigeuza, akaisogeza kwenye taa, akaisugua kwa dole gumba kama mtu anayekagua noti. Wh zimefutika. Nikaanza kumweleza habari za 3.7 mara elfu ngapi, akanitazama kwa huruma, akaidumbukiza kwenye lile pipa la kioo pamoja na mikasi na chupa za manukato. Sikuwa na hoja, kama haisomeki haijulikani. China ndiyo wakali zaidi, tangu Juni 28, 2025 isiyo na 3C, alama yao ya usalama, haipandi kabisa kwenye safari za ndani. Kwa hiyo hii mpya, siku ya kwanza tu, nimeibandika selotepu ya kung'aa juu ya maandishi. Ndiyo hiyo inayometameta hapo.

Tuendelee. Joto: nikiichaji simu kwa wati 30 inapata uvuguvugu, ukiishika hukurupuki. Kuijaza ikiwa tupu ni usiku mzima, sina cha kuongeza. Waya wake ni mfupi mno, simu inaning'inia kama popo. Na kiskrini kinadanganya mwishoni, kilikaa asilimia 1 kwa dakika kumi na mbili, nilikuwa naiangalia.

Mtaniuliza kuhusu zile pawabanki zenye seli za sodiamu badala ya lithiamu. Kampuni ya Elecom ya Japani ilitoa moja 2025, ya 9,000, na wanasema unaijaza na kuimaliza mara 5,000. Lithiamu za kawaida zinaanza kuchoka baada ya mia kadhaa. Pia inavumilia baridi kali. Lakini uzito wake ni gramu 350, sawasawa na hii, kwa chini ya nusu ya miliampia. Kwa mtu anayebeba begi mgongoni siku nzima, bado. Na msidhani sodiamu inakuvusha bure kwenye ukaguzi, nayo ina kanuni zake.

Je, ninunue hii? Kama ya kwako inafanya kazi na haijavimba, tulia nayo. Kujua kama imevimba ni rahisi, ilaze juu ya kioo cha meza uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limeshaota, usiichaji tena na usiitupe kwenye takataka za jikoni. Kama huna kabisa, hii naipa saba kwa kumi. Moja nimeikata kwa waya, moja kwa kiskrini, moja kwa lile boksi.

Aa, mmesikia? Kifeni kimezima. Ngoja niwasogezee... 62.8. Kati ya 74, hiyo ni kama asilimia 85. Na ukigawa kwa volti 5 ni miliampia 12,560, wao wameandika 12,000. Mgongo ulisema kweli, tena umeongeza kidogo. Naiweka kwenye chaji, kesho napima pawabanki nyingine, nyeusi.